Mawe Yanayongoja Jalidi

Langoni, Fallow End
Coldicote
9 Oktoba 1934

Kwa Binti Honora,

Najua siku hizi watu wanakuita Bi Pargeter, lakini mimi nilikuona ukipanda ngazi za waezekaji na kaptula ya kaka yako, kwa hiyo kwangu utabaki Binti Honora, ukikasirika kasirika. Barua hii naandika kwa mkono wangu mwenyewe. Dada yangu Tryphena alitaka kuniandikia. Nikamwambia mkono ulioezeka Fallow End hauwezi kushindwa na kalamu. Akasema, "Haya, ishinde basi. Mpaka sasa naona wino umelishinda shati."

Habari si nzuri. Upepo wa juzi umeangusha ule mti mkubwa wa upande wa kaskazini, ukaja ukalalia nyumba. Hakuna aliyeumia. Kenchi za mwaloni hazikuvunjika hata moja, maana ziliunganishwa kwa vigingi vya mbao na watu wenye akili. Lakini vigae vya mawe vya upande ule vimekwisha. Kuna tundu ambalo farasi angepita na mkokoteni wake na bado asivue kofia.

Kaka yako Kapteni Lionel, kwa kuwa ndiye anayeisimamia nyumba wakati wewe uko huko Uswisi kwa ajili ya kifua, alikuja na mtu mmoja wa mjini mwenye viatu vya kung'aa. Wakasimama nyasini. Yule mtu akasema mawe ya namna hii hayachongwi tena popote, afadhali paa lote livuliwe, viwekwe vigae vya saruji, na yeye atayachukua mawe mazima yaliyobaki yawe ndiyo malipo yake. Kapteni akasema, "Si wazo baya." Si wazo baya! Mimi nilikuwa nyuma yao. Nikasema, "Kapteni, na wewe tukuvue ngozi tukupake saruji?" Akanijibu, "Mzee Tuckwell, nenda kapumzike."

Nipumzike vipi? Paa lile ni langu. Walikuwapo wengine, ndiyo, walinipokeza mawe. Lakini Bwana Lidgate, msanifu mwenyewe, alipofika na suruali imekunjwa magotini kama mvua kunyesha ni kosa letu sisi, alimwita nani? Aliniita mimi. Nilikuwa nimekwisha kuezeka mstari wa kwanza umenyooka kama uzi. Akautazama, akatikisa kichwa. Akasema, "Jabez, paa lako limesimama kama askari wa gwaride. Mimi nataka lilale kama ng'ombe aliyeshiba." Nilimchukia wiki nzima. Kisha nikalivunja, nikalilaza. Na mpaka leo hakuna paa katika mkoa huu lililolala vizuri kama lile, na mtu akibisha mlete.

Nyumba baba yako alikuachia wewe, si Kapteni. Mwandikie kaka yako. Mwambie Jabez Tuckwell atachimba mawe mapya na kuyapasua kama zamani, na tundu litazibwa kwa mawe.

Ni mimi,
Jabez Tuckwell, mwezekaji

*

Uswisi
21 Oktoba 1934

Mzee Jabez mpendwa,

Barua yako imenifanya nicheke mpaka muuguzi akaja kuniangalia kama natapika damu. Nilipomweleza kwamba ni habari za paa, akaniona nimezidiwa.

Nimemwandikia Lionel. Amejibu kwa simu ya maneno machache, kama kawaida yake. Amekubali kungoja hadi Sikukuu ya Bikira mwezi Machi. Tundu likiwa limezibwa kwa mawe kufikia siku hiyo, paa litabaki. Lisipozibwa, lote litavuliwa. Vigae vya saruji vya upande wa kaskazini amekwisha kuviagiza, asije akakosa. Tafadhali usimseme vibaya sana. Analala akiwaza gharama, nami ndiye ninayemgharimu.

Hapa tunalazwa nje barazani mchana kutwa, tumefunikwa blanketi kama mizigo. Kila kitu ni cheupe, kimenyooka, kimepakwa rangi ya kuoshwa. Nikichoka nafumba macho, naingia Fallow End kwa mlango wa jikoni. Je, wajua ni kwa nini napitia jikoni? Kwa sababu komeo la mlango ule limechongwa kwa uangalifu uleule wa komeo la mlango mkubwa. Bwana Lidgate alisema anayebeba maji naye ana mkono. Kisha napanda ngazi ya mwaloni polepole, nikipapasa alama za tezo za seremala zilizoachwa kwa makusudi, na kufika kwenye kile kiti cha dirishani ambacho jua hukifikia asubuhi kabla ya kufika popote. Nikifika hapo kifua hutulia. Daktari haiamini dawa hiyo.

Ikiwa nitapona ni kwa ajili ya kurudi pale. Sijui kama nitataka kurudi nikikuta pamevikwa kofia ya kituo cha treni.

Bado unapanda mapaa, Mzee? Sema kweli.

Wako,
Honora Pargeter

*

Langoni
6 Novemba 1934

Kwa Binti Honora,

Kupanda napanda kama paka. Usiulize maswali ya kitoto.

Chimbo nimelifungua. Ni lile lile la zamani kule juu, chini ya shamba la kondoo. Reuben Stallard na mdogo wake ndio wanaochimba, mimi nawaonyesha. Wana nguvu lakini hawana sikio. Jiwe lazima uligonge ulisikilize. Likilia kama kengele, chukua. Likilia kama mlango wa mtu maskini, acha.

Wewe umesoma lakini haya hukufundishwa, kwa hiyo nakuandikia. Jiwe letu halipasuliwi kwa nyundo. Ukilipiga linavunjika ovyo. Unalitoa ardhini bamba zima, likiwa bado limejaa unyevu wa chini, unalilaza shambani, unalifunika udongo na kulimwagia maji lisikauke. Halafu unangoja jalidi. Ile baridi ikishika kweli, maji yaliyo ndani ya jiwe yanaganda, yanavimba, nalo jiwe linafunguka lenyewe kurasa kurasa kama Biblia. Hapo ndipo unachukua kurasa zako na kuzichonga. Zamani jalidi ikianza, kengele ya kanisa ilipigwa, kijiji kizima kikatoka mbio, wanawake kwa wanaume, kufunua mawe na kuyamwagia maji. Hata mchungaji alikuja na birika la chai. Jiwe likikauka kabla ya kuonja jalidi, basi. Limekufa. Hata uliweke barafuni miaka kumi halifunguki tena.

Tryphena anasema, "Kwa hiyo kazi inafanywa na Mungu, wewe unangoja tu." Nikamwambia, "Mungu anapasua. Lakini anayejua Ndefu ikae wapi na Kapera ikae wapi ni mimi." Maana kila ukubwa una jina lake. Ndefu zinakaa chini, kwenye ukingo wa paa, pana kama meza. Kisha Kapera. Unaendelea hivyo ukipunguza, mpaka juu mgongoni unamalizia na Jogoo, ndogo kama kiganja. Ndiyo maana ukiitazama Fallow End kutoka barabarani unaona paa linapanda mbali, mbali, kama kilima chenyewe. Saruji ni saizi moja kutoka chini mpaka juu. Haina mbali wala karibu.

Kibanda changu hapa langoni nacho paa lake ni la chimbo hilihili, mawe ya majira yaleyale. Bwana Lidgate alinipa masalio, akasema mtu aliyeezeka ile asilale chini ya nyasi. Watu wanaopita wanadhani ni mtoto wa nyumba kubwa aliyetoka nje kucheza.

Mawe yamelazwa. Sasa baridi ije.

Jabez Tuckwell

*

Uswisi
14 Desemba 1934

Mzee Jabez,

Hapa jalidi ni tele, tena ya bure. Asubuhi hii glasi yangu ya maji ilikuwa imeganda kando ya kitanda, na masharubu ya mgonjwa jirani, Mholanzi mmoja, yalikuwa magumu kama brashi. Nikawaza, laiti ningeweza kuifungasha nikuletee kwa posta. Nimemweleza Mholanzi habari za mawe yenu. Kila asubuhi sasa ananiuliza, "Je, yamefunguka?" Hata wauguzi wanauliza. Umekuwa maarufu.

Je, yamefunguka?

Lionel anasema huko kwenu kuna joto la ajabu. Kuna jambo moja anapendekeza, nami nakuletea kama lilivyo. Ghala la zamani la Nether Coldicote linauzwa, na paa lake ni la mawe. Ingekuwaje tukilinunua tukachukua vigae vyake?

Nimeanza kutembea hadi mwisho wa baraza na kurudi.

Honora

*

Langoni
2 Januari 1935

Kwa Binti Honora,

Mwambie Mholanzi atulie.

Huku mawaridi yamechanua siku ya Krismasi. Tryphena aliyachuma akayaweka mezani, akaniambia, "Tazama jalidi yako ilivyo nyekundu." Nyuki wametoka. Reuben anachimba akiwa amevua koti. Watu wa baa wananiuliza kama nimekwenda shambani kuotesha mawe ama kuyahurumia. Nawajibu Januari ndiyo kwanza imeingia, na Februari ipo, na mimi nimeona baridi ya Februari iliyomgandisha kondoo amesimama. Kila asubuhi nakwenda kuyamwagia maji. Yana kiu kama wagonjwa. Udongo wa juu unakauka haraka kuliko ndoo zangu.

Kuhusu ghala. Sitaki, nami nashangaa umeandika. Ghala lile liko hai. Bado linatunza nafaka, na watu wa Nether wanalipenda kama sisi tunavyopenda letu. Utamvua mwenzio kofia ili ufunike kichwa chako? Kila mtu akifanya hivyo, mwisho mkoa mzima utabaki na paa moja zuri, na watu wa chini yake waliolipata kwa kuwafanya wenzao wanyeshewe. Tena mawe ya Nether ni ya njano zaidi. Yangeonekana kama meno ya dhahabu. Hapana.

Jana nilikaa kwenye kisiki cha ule mti ulioanguka, nikaitazama nyumba. Turubai la Kapteni limefunika tundu, linapigapiga. Lakini hata na lile turubai, Binti! Ile dohani ya mashariki inavyotoka ardhini, haikubandikwa ukutani, imeota. Ukingo wa paa umeshuka chini kiasi kwamba mtu mfupi angeweza kuugusa, kwa hiyo nyumba kubwa vile haimtishi mtu. Madirisha hayakupangwa kwa mstari ili yapendeze nje, kila moja limekwenda mahali ambapo mtu wa ndani alilihitaji, na bado nje yanapendeza kuliko ya wale waliopima. Marehemu Enos, mwashi wetu, alibomolewa ukuta wake mara mbili na Bwana Lidgate kwa sababu ulikuwa laini mno. Mara ya pili alilia. "Nimejifunza ujana wangu wote kunyoosha," akasema, "na huyu anataka nipinde." Mara ya tatu alichukua mawe kama yalivyotoka kilimani, makubwa na madogo, akayapatanisha kama mtu anayesuluhisha ukoo. Alipomaliza, alikwenda akasimama mbali, akavua kofia yake mwenyewe kwa ukuta wake mwenyewe. Nilimcheka. Angekuwa hai leo ningemcheka tena, alikuwa na kipara cha kuchekesha.

Baridi itakuja.

Jabez Tuckwell

*

Uswisi
29 Januari 1935

Mzee Jabez mpendwa,

Umenisuta kuhusu ghala, na una haki. Nisamehe.

Nina habari. Daktari ananiruhusu kurudi nyumbani mwezi Mei. Aliposema, nilifikiri anamwambia mtu wa kitanda cha pili.

Sasa nisikilize, nami ninaandika baada ya kufikiri sana. Lionel ananiambia baridi haijafika, na kwamba unakwenda kule juu na ndoo kila siku, kwenye matope, kwa umri wako. Naomba uache. Umefanya zaidi ya mtu yeyote. Ikifika Machi na paa likavuliwa, sitakulaumu. Ngazi itabaki, na ukuta wa Enos, na komeo la jikoni. Nitajifunza kutotazama juu. Afadhali nirudi nikute paa baya na Mzee Jabez mzima, kuliko kinyume chake.

Nakuachilia ahadi yako.

Honora

*

Langoni
7 Machi 1935

Kwa Binti Honora,

Ahadi ya Tuckwell haiachiliwi na mtu mwingine.

Paa limezibwa. Jalidi ilikuja mwezi uliopita, ghafla tu, ikashika vizuri, na mawe yakafunguka kama mkate wa moto. Nikayachonga nikayapandisha. Ndefu chini, Jogoo juu, na pale mapaa mawili yanapokutana nimelizungusha bonde lote kwa mawe matupu bila kipande cha bati la risasi, jambo ambalo hakuna mwingine aliye hai anayeweza. Chokaa na nywele za ng'ombe nimepaka kwa ndani, upepo hauingii hata ukiomba.

Kazi imekwisha kabla ya siku ya Kapteni. Turubai lake nimemkunjia.

Sina zaidi. Usiulize maswali mengi, mkono umechoka na Tryphena anataka meza.

Jabez Tuckwell

*

Fallow End
13 Machi 1935

Honora mpenzi,

Nakuandikia kwa kirefu kwa mara moja, maana naona nina deni la ungwana. Paa limekwisha. Nililikagua na yule mtu wa mjini, aliyezunguka nyumba nzima asione mahali mawe mapya yanapoanzia. Mimi si mpenzi wa mambo haya, unanijua. Kwangu mimi paa ni kitu cha kuzuia maji. Lakini jana nilikuwa narudi kutoka kituoni kwa miguu, nikapinda kona, jua likawa linalala juu ya mteremko ule wa kaskazini, nikajikuta nimesimama. Baba alikuwa akisimama palepale. Sikujua kwa nini. Basi, umeshinda. Hakuna kitakachovuliwa.

Mzee wako hakupanda, kama alikwambia alipanda. Alikaa kwenye kiti cha jikoni katikati ya nyasi, na fimbo ndefu, akiwafokea akina Stallard tangu asubuhi. "Siyo hiyo, wewe kichwa cha kabichi! Ile Kapera ya kushoto! Una mama wewe?" Mpishi alikuwa akifungua dirisha makusudi asikie.

Utacheka pia kwa hili. Hata yeye hatimaye ameuona ubora wa saruji! Yale mabamba yake yako shambani hadi leo, yamekauka, hayakupasuka hata moja. Hakukuwa na baridi ya maana majira yote. Nilidhani angevunjika moyo. Badala yake akaja mlangoni kwangu amevaa koti la kanisani, akataka kuvichukua vile vigae nilivyokuwa nimeagiza. "Ni vya nini?" nikamuuliza. "Vya kibanda changu," akasema. "Mtu lazima aende na wakati, Kapteni." Nilimpa vyote bure, kwa furaha. Sasa kibanda cha langoni kimepata paa jipya, safi, lililonyooka. Mawe ya kuzibia ya kwetu sikumuuliza aliyapata wapi. Ana marafiki kila chimbo, nadhani.

Jitunze. Mei tutakupokea.

Kaka yako,
Lionel

*

Uswisi
20 Machi 1935

Mzee Jabez,

Lionel ameniandikia. Mpaka leo haelewi alichokiandika, na sijamweleza.

Hakukuwa na jalidi. Mawe hayakufunguka. Umevua paa la nyumba yako mwenyewe ukaliweka juu ya nyumba yangu, kisha ukaenda kuomba ile saruji uliyoichukia ukalala chini yake wewe. Na ukanidanganya kwa mwandiko mzuri kuliko barua zako zote nyingine. Ningejua kwa hilo tu.

Uliniambia hatuwezi kumvua mwenzetu kofia. Na Tryphena je? Alikubali? Mimi nilikuachilia, nilikuandikia kwamba nitajifunza kutotazama juu!

Sikubali. Nikirudi Mei, nitawaita akina Stallard wayateremshe mawe yako na kuyarudisha langoni. Majira yajayo ya baridi tutachimba upya, na tutangoja, hata ikichukua miaka. Turubai linaweza kukaa. Nimelala nje chini ya theluji. Turubai halinitishi.

Nimelia mbele ya Mholanzi, akadhani mawe yamekufa. Nikamwambia hapana.

Honora

*

Langoni
30 Machi 1935

Kwa Binti Honora,

Kwanza, Kapteni ana mdomo kama mlango wa zizi. Pili, thubutu. Uguse jiwe moja nitakuja na fimbo yangu ndefu, na usidhani kwa kuwa umeugua nitakuhurumia.

Uongo ni kweli nilisema. Sikuwa na njia. Ningekuambia, ungenizuia, na wewe ukishika jambo una kichwa kigumu, sijui umekitoa kwa nani. Habari ya kofia umeielewa nusu. Nilisema usimvue mwenzio. Ya kwangu ni ya kwangu, naivua nikitaka, nampa ninayetaka.

Tryphena unayemuulizia, yeye ndiye aliyeanza. Februari ilikuwa inakwisha, na mimi nimekaa hapa mezani, chai imepoa. Nilikuwa nimeyafunua yale mabamba nikayagonga yote, moja moja, hakuna lililolia. Tryphena akaimwaga ile chai. Akasema, "Umenuna kama mtu aliyefiwa. Si mawe yapo?" Nikamwambia, "Yako wapi, mwanamke, huoni yamekufa?" Akainua kidole juu, hivi, kichwani kwake. Nikamwambia ana wazimu. Akasema, "Mimi nina umri huu, Jabez, nitaangalia dari tu mpaka nizikwe. Dari halibadiliki." Nikatoka nje nisimwonyeshe uso. Nilipoyashusha, yalikuwa mazima, rangi ileile, mvua zilezile juu yake miaka yote. Hayakuhitaji kufundishwa kitu.

Saruji ni mbaya. Mvua ikinyesha inapiga kelele kama mbaazi kwenye sufuria, na ukiitazama kutoka barabarani unadhani posta imefunguliwa hapa. Watu wa baa wamecheka, nami nimewaambia wanywe wanyamaze. Haivuji, basi.

Sasa nitakuambia neno moja na halafu silisemi tena. Miaka yote niliyolala chini ya mawe yale sikuwahi kuyaona. Mtu haoni paa lake, anaona dari lake. Nilikuwa natoka asubuhi, naitazama Fallow End, najisifu, jioni narudi naingia chini ya langu kama panya, sina habari kwamba juu yangu kuna kazi nzuri vilevile. Sasa naketi mlangoni, kiti kimegeukia kwako, naiona yote. Yale ya langoni yamekaa katikati ya yale ya zamani kama ndugu waliokutana arusini. Reuben anaapa hawezi kuyatofautisha. Mimi naweza. Yanapinda pale yanapotakiwa kupinda, yanakwenda mbali, yanalala. Bwana Lidgate angekuwa hai angekosa la kusahihisha, na hilo lingemuua upya.

Leo mchana mvua ilikatika ghafla. Paa lako lilikuwa jeusi limelowa, kisha jua likaja kutoka upande wa kilima, likaanza kukauka kwa mafungu, jiwe hili kijivu, hili bado jeusi, hili rangi ya asali, na moshi ukitoka kwenye dohani ya mashariki, maana wameanza kukukaushia vyumba. Tryphena alitoka na kitambaa cha vyombo mkononi, akasimama kando yangu. Akalitazama paa. Tulikaa hivyo mpaka miguu yake ikamuuma. Mwishowe akaniuliza, kwa sauti ya chini, kama mgeni anayepita barabarani:

"Jabez, lile paa aliliezeka nani?"

Nikamwambia.

Jabez Tuckwell
mwezekaji